Tulipokwenda Kumhani Mama wa Jiwe

Kila mmoja wenu ameniuliza kivyake, na kila mmoja nimempa kipande: huyu mvua, yule foleni, mwingine sanamu. Jumapili iliyopita baada ya misa nikawasikia mkiviunganisha vipande hivyo, na safari iliyotokea hapo hata mimi siijui. Basi nawaandikia yote mara moja. Mkinikuta tena nje ya kanisa, tusalimiane tu.

Kwa wageni miongoni mwenu: mimi ni Mghoi, muuguzi, naishi Missouri City, kando ya Houston. Wakesho ni dada yangu mkubwa, anaishi Gulfton katika zile fleti ambako watoto hucheza kwenye maegesho ya magari. Wengi mnamwita Mama Mwasaru. Mwasaru alikuwa mwanawe wa pekee, miaka ishirini na minne, akifanya kazi kwenye ghala moja huko Mesquite, mwendo wa saa nne kwa gari kutoka hapa. Miaka miwili iliyopita alikuwa akiendesha gari kuja Houston kwa mama yake, akagongwa na lori njiani.

Mimi ndiye niliyeingia chumba cha maiti kumtambua. Nilipotoka nilimwambia dada, "Usiingie." Akanitii, ingawa yeye ndiye mkubwa. Jeneza likafungwa, tukamzika huku huku. Tangu siku hiyo dada hakuniuliza niliona nini, nami sikumwambia. Tulikunywa chai pamoja kila Jumamosi kwa miaka miwili tukilizunguka jambo hilo.

Na jambo moja zaidi, maana bila hilo hamtaelewa mwisho. Kwenye matanga watu walipokuwa wakimpa dada mkono na kusema, "Makiwa," yeye alinyamaza. Mtu hawezi kuachwa mkono ukiwa hewani. Basi nilikuwa najibu mimi, "Tunayo," kwa kila aliyeingia, siku zote zile, mpaka sauti ikanikauka.

Gulfton, kikapu cha sukari

Tulikubaliana kuondoka saa kumi na mbili asubuhi. Mnanijua, mimi na saa ni ndugu. Saa moja kasorobo nilikuwa bado nimesimama mlangoni kwa dada nikimtazama akipanga kikapu.

"Dada, hiyo yote ya nini?"

"Sukari kilo mbili. Majani ya chai. Leso. Na chupa ya chai yetu ya njiani."

"Si tunaenda tu kuona sanamu?"

"Tunaenda kwa mtu aliyefiwa. Wewe ulifundishwa na nani kwenda matangani mikono mitupu?"

"Dada, be serious. Ni jiwe."

"Na wale wazee wetu waliowekwa kwenye pango kule juu, mafuvu matupu, si watu waliwapelekea pombe ya miwa na kuwasemesha? Walikuwa na masikio?"

Sisi ni Wataita wa Wundanyi, na kwetu wafu na mawe wamekaa pamoja tangu zamani. Lakini bibi yetu mwenyewe alibatizwa, na nyumbani tulilelewa chini ya kalenda ya masista yenye picha ya ile sanamu maarufu ya Roma: Mama Maria ameketi, amempakata Mwanawe aliyekufa. Mwaka ulipokwisha kurasa nyingine zilikatwa zikatumika kuwashia moto, ila ukurasa ule ulibaki ukutani mpaka moshi wa jikoni ukaugeuza rangi ya chai.

Sasa, picha ya mwisho aliyotuma Mwasaru kwa simu, siku mbili kabla ya kufa, ilikuwa ya sanamu hiyo hiyo. Amesimama kando yake kwenye bustani ya makaburi upande wa Mesquite. Mkono wa kulia wa yule Mama umebeba mabega ya maiti, lakini wa kushoto uko wazi, kiganja juu, kama unaoomba mkono wa mtu. Mwasaru ameuweka mkono wake humo, anacheka. Chini ameandika: "Mama, nimekupatia rafiki wa huku."

"Huyu ndiye wa mwisho kumshika mkono mwanangu," dada aliniambia siku aliponiomba nimpeleke. "Naye amefiwa kama mimi. Sijaenda kumhani hata siku moja. Watu watanionaje?"

Watu gani, sikumwuliza.

Tulipofika kwenye gari akafungua mlango wa nyuma akaketi. Nikamwambia aje mbele. Akasema, "Mbele ni pa Mwasaru." Alisema hivyo bila machozi, kama mtu anayekuelekeza choo kilipo. Nikawasha gari. Kabla hatujatoka getini kikaanza kile kilio cha mkanda, ti, ti, ti, na taa nyekundu ya kiti cha mbele, kiti ambacho hakikuwa na kitu ila koti langu la kazini limetundikwa mgongoni mwake. Nikakipapasa. Nikazima gari, nikawasha tena. Ti, ti, ti.

"Mfunge mkanda," dada akasema kutoka nyuma.

Nikauvuta mkanda juu ya kiti kitupu, nikaubana. Kilio kikakoma. Mimi si mtu wa mashetani. Nimekesha na wanaokufa nusu ya maisha yangu, sijaona kitu kikitoka mdomoni ila pumzi. Lakini nawaambia, nilitoka getini nikikitazama kile kiti kwa pembe ya jicho.

Barabara ya arobaini na tano

Mvua ilitushika bado tuko Houston. Barabara za pembeni zilijaa maji, tukazungushwa na polisi mitaa nisiyoijua, saa nzima ikaenda. Mbele ya hapo tukasimama kununua kolache, mnazijua, zile za kina bibi wa Kicheki. Dada aliuma moja akasema ni andazi lililomeza soseji kwa bahati mbaya. Nilicheka, naye akacheka, nikadhani labda itakuwa safari ya kawaida.

Kabla ya Corsicana magari yakasimama. Nilipatambua mara moja. Mbele yetu kidogo kulikuwa na daraja dogo lenye kingo nyeupe, na hapo ndipo Mwasaru aligongwa. Niliwahi kupita mara moja tu, peke yangu, na sikuwa nimemwonyesha dada.

Mvua ilikuwa imekatika na jua limetoka kali. Kisha manyoya yakaanza kuja. Meupe, madogo, yakielea taratibu kutoka upande wa darajani, yakitua juu ya magari bila sauti. Watu wakashuka kutazama. Tuliambiwa lori la kuku limepinduka, dereva yuko salama. Ni jambo la kueleweka kabisa. Lakini mtu aliyelala kitandani mwake hawezi kujua inavyokuwa kusimama mahali kama pale, manyoya yanatua mabegani mwako na hakuna anayepiga honi.

Tulikaa hapo saa mbili. Mzee mmoja wa Kizungu mwenye kofia pana alishuka kwenye pikapu yake, akatuletea maji ya barafu. Dada, ambaye hawezi kupokea bila kutoa, akamfungulia chupa ya chai. Mzee akanywa amesimama kwenye dirisha la nyuma, akauliza hicho kilichomo ni nini, nikamwambia tangawizi, akasema marehemu mkewe angeipenda. Akasifu, akarudisha kikombe. Halafu akainama akachungulia mbele.

"Na kijana wenu hanywi? Au mnamwacha alale?"

"Kijana gani?" nikauliza.

"Huyo aliyeegemea kioo."

Niligeuka upesi mpaka shingo ikaniuma. Koti langu. Lilikuwa limeteleza upande wa dirisha, bega limepanda juu, na kioo kilikuwa kikiwaka jua. Mtu wa umri wake angeweza kuona chochote. Nilifungua mdomo kumweleza, lakini dada akanitangulia.

"Amechoka," alisema kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Anafanya kazi sana."

Mzee akaigusa kofia, akaenda zake. Dada akamimina kikombe kingine, akanipitishia, nikakiweka pale mbele panapowekwa vikombe, upande wa abiria. Sijui kwa nini nilimtii. Magari yalipoanza kwenda tulipita darajani polepole, mimi nimekaza macho mbele, na dada hakujua tunapita wapi. Ile chai ilifika Mesquite imejaa vilevile. Niliimwaga majanini, ingawa nilikuwa nasinzia na ningeihitaji.

Mesquite, kwa Papa Kasongo

Papa Kasongo ni Mkongo, mtu mzima, aliyefanya kazi ghala moja na Mwasaru na kumkodisha chumba. Tulifika alasiri badala ya saa sita mchana, na chakula kilikuwa kimepashwa moto mara tatu.

"Karibuni, bamama. Mukae. Njia iliwachokesha," alisema, akachukua kikapu mkononi mwa dada, akashtuka kwa uzito. "Mumebeba nini humu, mawe?"

"Jiwe tunalifuata," nikasema. Dada akanikata jicho.

Tulikula bukari, ambayo ni ugali wetu ila laini zaidi, na sombe, yaani kisamvu kilichopikwa kwa mawese. Dada alikula kuliko nilivyomwona akila tangu msiba. Papa Kasongo alikuwa anaogopa kumtaja Mwasaru, akawa anasema habari za mvua, za meneja wao, za goti lake. Mwisho dada mwenyewe akauliza mwanawe alikuwa akienda kwenye ile sanamu kufanya nini.

"Kula, mama," akasema. "Kila Siku ya Mungu, ile munaita Jumapili, anabeba chakula yake, anaenda kula kule. Mie nikamuuliza, weye, kwa nini unakula kwa bafu, kwa watu wamekufa? Akasema, ile mama iko sawa na mama yangu, lakini yeye haniulizi nitaoa lini."

Dada aliinama juu ya sahani. Mabega yalimtikisika, na nilishindwa kujua kama anacheka au la. Papa Kasongo alinitazama mimi kana kwamba nina dawa.

Nilipokuwa nikiosha vyombo alinifuata jikoni, akasema kwa sauti ya chini: "Mama Mghoi, weye ndiye ulimuona kule mortuary, si ndiyo? Hajakuuliza?" Nikamwambia hajauliza. Akasema, "Atakuuliza kesho. Ndiyo maana anaenda kule na weye, haendi na mimi." Nilimjibu vibaya, kwamba yeye ashughulike na goti lake. Nilikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu huwa hana adabu.

Kwa mama wa jiwe

Bustani ya makaburi ya huku haina vilima vya udongo. Ni majani yaliyokatwa sawa mpaka mwisho wa macho, na vibao vilivyolala chini, kiasi kwamba unakanyaga watu bila kujua. Tulifika kesho yake asubuhi, jua tayari linachoma. Hapakuwa na mtu ila mtunza bustani mmoja, Mmeksiko, akipuliza majani kwa mashine.

Sanamu iko mwisho wa njia, kwenye jukwaa dogo lililo wazi. Niliiona kwa mbali nikasimama. Kwenye kalenda ilikuwa kitu cha karatasi. Hapa alikuwa mwanamke mkubwa, mkubwa kuliko mimi, amekaa, na magotini amelaza mwanamume mzima. Sikutegemea ule uzito. Nimeinua maiti wengi, najua mwili unavyokaa ukishaachwa na mwenyewe. Vidole vya Mama vimeingia chini ya kwapa la Mwanawe na nyama ya jiwe imepanda juu yake, hivyo hivyo kabisa kama inavyopanda. Aliyeichonga ile ya Roma alikuwa kijana wa umri wa Mwasaru. Aliyajuaje hayo?

Kisha nikauona mkono. Mkono wa kulia wa maiti unaning'inia mbele, na mgongoni mwa kiganja mishipa imesimama, imejaa. Maiti haijai mishipa. Hilo najua kuliko ninavyolijua jina langu. Nikatamani yule mtu azime mashine yake ili nisikilize. Na papo hapo akaizima.

Alitusogelea amevua kofia. Pengine aliona kikapu akadhani tunataka kuuliza njia. Kwa Kiingereza cha kuokoteza, kama changu cha mwaka wa kwanza, alitueleza kwamba hii ni nakala, imechongwa kwa marumaru ileile ya Italia, lakini ile yenyewe iko Roma, ndani ya kioo, hairuhusiwi kuguswa.

Nilimtafsiria dada nikijua nitamvunja moyo. Hakushtuka. "Mwambie ahsante," akasema. "Wa Roma ana wageni wengi. Mwanangu alikuwa akija kwa huyu."

Akapanda jukwaani. Akaweka sukari na majani ya chai miguuni pa yule Mama, akatandaza leso mpya, inayonukia duka, juu ya goti la jiwe lililokuwa tupu. Maneno ya leso yalisema: Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mtunza bustani alitazama, akafungua mdomo, akaufunga. Nadhani alikuwa na mama.

Dada akautoa mkono wake wa kulia, akauweka kwenye kile kiganja.

"Makiwa, mama," akasema.

Akasubiri. Nawaambia alisubiri kweli, kichwa kimeinama upande, kama mtu aliyebisha hodi na kusikia hatua ndani. Mimi kinywa kilinijaa lile neno, "Tunayo," nilikuwa nimelizoea, lakini safari hii halikutoka.

"Mkono wake una joto, Mghoi," dada akasema bila kugeuka. "Njoo ushike."

Nilishika. Ulikuwa na joto la damu. Jua lilikuwa limeupiga tangu lichomoze, hiyo ndiyo sababu. Nikagusa mkono wa Mwana, uliokuwa kivulini chini ya nguo ya mamaye. Baridi. Baridi ile ile ya mochari. Nikauondoa mkono wangu haraka, na dada akaniona.

"Alikuwa hivi?"

Ndilo hilo swali. Lilikuwa limechukua miaka miwili na safari ya siku mbili kufika. Nikamtazama yule Mwana wa jiwe, uso mzima, msafi, kama aliyesinzia baada ya kazi. Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Nilikuja nimejiandaa kusema ndiyo.

"Hapana, dada. Hakuwa hivi. Uso haukuwa wa kuonwa na mama." Nikautazama ule mkono wa jiwe. "Lakini mkono wa kulia ulikuwa mzima. Haukuwa hata na mchubuko. Nilimtambua kwa ule mkono, kwa kovu la panga alilolipata akikata miwa kwa bibi. Nikaushika. Walinipa dakika chache, wakaongeza, nami sikuuachilia mpaka yule wa mochari akanigusa bega. Nilikuwa napaswa kukuita uushike wewe. Ningemfunika uso nikakuita. Sikufikiri. Nisamehe."

Dada akautoa mkono wake kwenye kiganja cha jiwe, taratibu, kama unavyomuaga mwenyeji.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Nimekuja mbali hivi kumtafuta wa mwisho kumshika mkono, na nimekaa naye kila Jumamosi."

Akanishika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili. Ilikuwa bado ina lile joto.

"Makiwa, mdogo wangu."

Hakuna aliyewahi kuniambia. Kwenye matanga mimi nilikuwa wa kupokea watu, wa kupika, wa kujibu. Nani ampe pole muuguzi? Nilijaribu kujibu nikashindwa mara mbili. Mara ya tatu nikasema, "Tunayo," na hapo nikalia mpaka yule mtunza bustani akaenda kutuletea maji.

Kurudi

Leso tuliiacha. Mtunza bustani alisema sheria hairuhusu, kisha akasema yeye Jumapili hafanyi kazi, na hiyo ilikuwa Jumapili, kwa hiyo hakuona kitu. Sukari alipewa yeye, kwa amri ya dada, kwamba ndiye mwenye nyumba.

Dada alikaa mbele. Mimi ndiye niliyelishtukia, yeye hakusema lolote, alifungua tu mlango na kuketi na kufunga mkanda wake. Kikapu kitupu alikiweka kiti cha nyuma, akakifungia mkanda kisije kikabingirika. Njia nzima aliniuliza nami nikajibu: chumba kilikuwaje, nani alikuwapo, alikuwa amevaa nini. Nilimwambia kila kitu isipokuwa vitu viwili, na nilimwambia kwamba viko viwili na sitavisema. Akakubali.

Tulipopita Corsicana nikamwambia, "Dada, mbele kuna daraja jeupe. Ni hapo."

"Punguza mwendo."

Nikapunguza. Manyoya machache yalikuwa bado yamenasa kwenye nyasi za kando. Tulipokuwa juu ya daraja gari likalia. Ti. Kisha taa nyekundu, safari hii ya kiti cha nyuma, ile inayowaka mtu akifungua mkanda wake gari likiwa linakwenda. Nilitazama kiooni. Kikapu kilikuwa kimetulia. Mkanda ulikuwa umeachia, umerudi mahali pake. Huenda haukubanwa vizuri. Mimi ni muuguzi, najua vitu huachia.

Nikaanza kukanyaga breki ili nisimame kando.

"Usisimame," dada akasema, na ameushika mkono wangu juu ya usukani. "Mwache. Anashuka."